Mbwa Hatiwi Dawa ya Nywele

Leeds, Uingereza

Dada yangu msusi wa Kondele, Kisumu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu, na kila mara moyo umenienda mbio. Eti mteja wako wa Milimani amenunua mbwa aina ya pudeli, manyoya yamesokotana, na anataka umtie dawa ya nywele yanyooke kama nywele zake mwenyewe! Tafadhali, usithubutu. Dawa nyingi za kulainisha nywele zina kostiki soda, ile ile ya watengeneza sabuni. Wateja wako wakianza kuwashwa hupiga kelele ukawaosha upesi. Mbwa atakuambiaje? Atajilamba, na moto ule umwingie kinywani.

Mama mwenye nyumba wangu ana pudeli mweupe, Daisy. Vidole vya mama vimeshikwa na baridi yabisi, kwa hiyo kila Jumamosi kazi ni yangu. Manyoya ya mbwa hawa hukua bila kukoma kama nywele zetu, na yanayong'oka hunasa humo humo kwenye mikunjo. Usipochana, utakuta rasta nyuma ya masikio na kwapani. Mara ya kwanza nilimwogesha kabla ya kumchana. Maji yakayakaza yale mafundo kama nyavu kuukuu za wavuvi wa Dunga, tukaishia kwenye mkasi.

Basi shika haya. Mchane akiwa mkavu, fungu kwa fungu, ukianzia nchani na kushuka kidogo kidogo hadi kwenye ngozi, kama unavyomfumua mtoto misuko. Fundo likikataa, likate. Kitana cha chuma kikipita bila kukwama ndipo umwogeshe, kwa shampuu ya mbwa, maana ngozi yake haifanani na yetu. Suuza sana. Bana maji kwa taulo, usisugue. Kisha draya ya uvuguvugu: mkono mmoja unapuliza, mwingine unavuta kwa brashi pale pale upepo unapopiga. Utaona mkunjo ukifunguka mbele ya macho yako, unyoya ukasimama laini kama pamba. Ukiruhusu sehemu ikauke yenyewe, imejikunja tayari. Pasi ya nywele isimkaribie. Na mwambie mteja wako ukweli: akilowa tu, mikunjo imerudi. Kama hana muda wa kitana, anyolewe mfupi. Kwa joto la Kisumu atashukuru.

Unaona, dada, hakuna hata kimoja hapo usichokijua. Mikono yenu ya Kondele inazijua nywele za kujikunja kuliko mikono yote niliyoiona huku.

Ndiyo maana nina neno. Daisy hulala usingizi mapajani mwangu nikimshika sikio. Simba, mbwa wetu wa huko nyumbani, je? Masikio yake yalijaa kupe kama punje za mtama, nasi tukampita tukienda kusuka nywele. Mkono uliomfikia Simba ulikuwa wa kutupa jiwe, au mabaki ya omena. Huku mkono wa mtu kwa mbwa ni wa kitana. Mbwa wetu wala hana manyoya ya kusumbua; dakika kumi kwa wiki zingemtosha, na hatukumpa.

Ubaya wa kutomshika mbwa hauishii kwenye kupe. Kenya imejiwekea mwaka 2030 kuwa mwisho wa vifo vya watu kutokana na kichaa cha mbwa, na ili ugonjwa ukatike, mbwa 7 katika kila 10 lazima wachanjwe. Mbwa ambaye hajawahi kushikwa kwa upole atashikwa na nani siku ya sindano? Atakimbilia migombani, au atamng'ata mtoto aliyetumwa kumleta. Tunamlaumu mbwa kwa ukali tuliomfunza wenyewe.

Shangazi anarudi mwezi huu. Nimempa vitana viwili vya chuma. Kimoja ni cha kazi yako. Kingine kipeleke kwa mama, umshike yule mbwa wake mdogo kabla hajazoea mawe. Anza na masikio.

Nduguyo