Staa Kasepa, Mama wa Feri Kabaki

Jumamosi huwa nafundisha kuchora kwenye makumbusho moja hapa Dar. Wanakuja bodaboda, mama lishe, vijana viziwi, wastaafu. Juzi katokea staa wa Bongo Fleva, jina kapuni. Kapiga selfie na brashi kavu, kasepa kabla kopo la rangi halijafunguliwa. Haya bwana!

Mama mmoja muuza samaki Feri aliuliza kiingilio mara mbili, haamini kama ni bure. Nikawasimulia alivyochora Edward Tingatinga miaka ya 1960: vipande vya ubao, rangi ya baiskeli. Mama akachora kibua, jicho linang'aa. “Huyu wa leo, si wa barafu.” Halafu akaninong'oneza, “Mwanangu, watamtundika humu?” Nimepeleka ombi, uongozi bado kimya. Selfie ya staa wameshaiposti.