Wiki sita bila kubeba mtoto

Nilipoamua kufanyiwa upasuaji wa kukuza matiti, hesabu ya kwanza ilikuwa ya fedha, maana hapa Marekani bima hailipii urembo. Hesabu ya pili ndiyo iliyonitoa jasho: nani atambeba kitinda mimba wangu? Alikuwa na miaka miwili na hakutaka kutembea hata kutoka jikoni hadi sebuleni.

Ninaishi Houston, mji uleule ambako mwanamke wa kwanza aliwekewa vifuko vya silikoni mwaka 1962. Nimenyonyesha watoto watatu na kifua kilikuwa kimekwisha. Mume wangu hakuwahi kulalamika. Nalisema mapema kwa sababu kila aliyesikia amemshuku yeye. Ni mimi niliyechoka kuvaa sidiria ya sponji hata ndani ya dera.

Upasuaji ulikwisha asubuhi, na jioni nilikuwa nyumbani. Siku tatu za mwanzo nilihisi kama mtu amenikalia kifuani. Nililala chali, nimeegemea mito minne. Mikono haipandi, na hulielewi hilo mpaka ujaribu kufunga mtandio au kufikia kikombe kabatini. Dera, ambalo nilidhani ndilo vazi la mgonjwa, halikufaa kwa kuwa linapitia kichwani. Nikavaa mashati ya mume wangu ya vifungo, na kanga chini. Niliswali nimekaa kitini, maana kuinama kulivuta kidonda. Na suka nywele kabla ya siku yenyewe, utanikumbuka.

Kwetu Tanga mtu akitoka hospitali hana haja ya kuomba. Huyu analeta uji, yule anachukua nguo chafu, mwingine anaondoka na watoto mpaka magharibi. Lakini wanakuja kwa sababu wamejua. Huku ugenini nawafahamu wawili waliouficha upasuaji huu, wakasema ni mgongo tu. Watu wakawaletea dawa za maumivu, wakawapa pole, wakaenda zao. Mmoja alimnyanyua mwanawe siku ya sita, kidonda kikafunguka.

Mimi nilimwambia wifi yangu, naye akachukua likizo ya wiki nzima. Kazini nahudumia wazee, na siku nzima ni kuinua na kugeuza watu. Nilipeleka barua ya daktari kwamba nisinyanyue kitu kizito kwa wiki 6. Haikutaja upasuaji gani, wala hawakuuliza.

Mama tulipanga asijue. Wifi, kwa nia njema kabisa, akamwambia kwenye simu kwamba naendelea vizuri.

"Anaendelea vizuri na nini?"

Nikachukua simu, nikamweleza. Akanyamaza mpaka nikadhani bando limekwisha.

"Maziwa yamelea watoto watatu. Yalikukosea nini?"

"Hayakunikosea, mama."

"Haya. Huyo mtoto usimbebe. Wewe keti chini, yeye aje ubavuni kwako."

Tukatandika mkeka sebuleni. Kwa wiki 6 nilikula hapo, nikakunja soksi hapo, na mtoto akilia anakuja mwenyewe kujiegemeza. Wiki ya kwanza alilia sana. Ya tatu alikuwa ameshazoea kupanda kiti cha chakula peke yake, na mpaka leo hakubali kusaidiwa, jambo ambalo lilinichoma kidogo.

Jambo moja watu hawapendi kulisikia: vifuko hivi si vya maisha. FDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, inalisema waziwazi, na mwaka 2021 iliagiza mgonjwa apitishwe kwenye orodha ya hatari kabla ya kukubali. Cha silikoni kinaweza kupasuka usihisi lolote. Ndiyo maana wanashauri kipimo cha ultrasaundi au MRI mwaka wa tano au wa sita, halafu kila miaka miwili au mitatu. Na ukienda kupigwa picha ya kupima saratani ya matiti, mwambie mpigaji picha kabla hajaanza, kwani huhitaji picha za ziada.

Mimi niko mwaka wa tatu. Mama huniuliza kila Ramadhani kama kipimo kimefika. Bado, namwambia, ila naweka dola 30 kila mwezi, kwa sababu hicho nacho bima yangu imekataa kukilipia.