Aliyegonga Geti

Nilikuja Dodoma Serikali ilipohamia, mtumishi wa kawaida kutoka Dar es Salaam. Mke na watoto walibaki Tabata kwa ajili ya shule. Nikapanga nyumba Ipagala, yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Asubuhi gari la ofisi lilinipeleka Mtumba, jioni likanirudisha, nikajifungia. Kwangu mji huu ulikuwa vumbi na upepo tu.

Usingizi ukaanza kukatika. Saa tisa usiku niko macho, kifua kimebana. Nikawa mkali kwa watoto kwenye simu, kisha nikaacha kabisa kupokea. Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe, iliyopo tangu 1927, iko mji huuhuu, lakini niliogopa kuonekana pale. Utani wa kumwambia mtu "kapitie Mirembe" hata mimi nilikuwa nikiutoa.

Wema ulionifikia sikuustahili. Jirani yangu, mzee wa Kigogo, alikuwa akinisalimu "mbukwenyi" nami napita, kioo cha gari kimefungwa. Jumamosi moja alfajiri akagonga geti.

"Mwanangu, huonekani. Twende tukanyooshe miguu."

Nilikosa uongo wa kumpa. Nikatoka na ndala zangu.

Tulielekea Swaswa polepole, maana goti lake bovu, na kila tulipokuta mtu alisimama kusalimia, akinitambulisha: "Huyu ni kijana wangu." Usiku ule nililala.

Sikupona kwa hilo. Upepo wa kiangazi ulinirudisha ndani, na njia zetu nyingi mtembea kwa miguu huzigombania na bodaboda. Yapo majuma niliyojificha kabisa. Mzee alirudi kugonga, wala hakunisuta. Ndiye aliyenisindikiza Mirembe nilipokubali kwenda. Daktari alinipa dawa, akanisihi nisiache kutembea asubuhi, kwa kuwa mwanga wa mapema huusaidia mwili kujua saa za kulala. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Mwendo wetu wa goti bovu sijui ungeitwaje, lakini ulinitoa ndani.

Usiku mbaya bado hunijia mara mojamoja. Simu za watoto napokea.

Ndugu yangu uliyejifungia, akigonga mtu, mfungulie. Asipogonga, toka wewe ukamsalimu jirani. Na usingizi ukikukimbia majuma kwa majuma, nenda hospitali. Pale Mirembe nilipokelewa kama mgonjwa mwingine yeyote.