Wakala ataleta dada, maswali ni yako

Likizo ya uzazi ni siku 84. Siku ya 60, mama mmoja wa Kimara, Dar es Salaam, alikaa kitandani huku mtoto akinyonya, akahesabu kwa vidole. Zilibaki siku 24 arudi kazini, na nyumbani hapakuwa na mtu wa kumwachia mtoto.

Mumewe alikuwa ameshamaliza siku zake 3, zile ambazo sheria inampa baba mtoto anapozaliwa. Mama mkwe alikuja, akakaa wiki 5, akarudi Moshi kwenye migomba yake.

Zikabaki njia mbili. Shangazi yake wa Singida alisema anaye binti, "ana adabu, hata njia za mjini hazijui". Wakala mmoja wa Dar es Salaam naye alisema anao wasichana watano, wenye barua za serikali ya mtaa. Ukilipa ada, na dada asipokufaa ndani ya miezi 3, unaletewa mwingine bure.

Baba alitaka wa shangazi. "Huyu tunajua kwao," alisema. Mama alitaka wa wakala. Jirani yake aliletewa binti na dalali wa simu tu. Wiki ya pili binti akaondoka, na dalali akawa hapokei simu. Angalau wakala ana ofisi, unajua pa kwenda kulalamika.

Walibishana siku tatu. Siku ya nne mama akapiga simu Singida, akauliza swali ambalo hawakuwa wameuliza: huyo binti amezaliwa mwaka gani?

"Ni mkubwa, mwanangu. Ugali wa watu 10 anasonga peke yake."

Akauliza tena. Ndipo ikajulikana kwamba binti amemaliza darasa la saba juzi tu, na ana miaka 13. Sheria ya ajira ya Tanzania hairuhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa. Lakini mama hakufika hata kwenye sheria. Alijiuliza tu angemwachaje mtoto kwa mtoto. Baba aliposikia, hakubisha. Kwao walikujua, umri wake hawakuujua.

Kesho yake mama akaenda kwa wakala. Alikuta wasichana wamekaa kwenye benchi, mabegi miguuni. Mhudumu akasifu bidhaa yake: wote wamepimwa, hata virusi vya UKIMWI.

Mama aliona ni jambo jema, hadi alipomsimulia muuguzi wa kliniki siku mtoto alipopata chanjo ya wiki 10. Muuguzi akatikisa kichwa. VVU haviambukizwi kwa kumbeba mtoto, kumwogesha wala kumlisha, na sheria hairuhusu mtu kulazimishwa kupima ili apate kazi.

"Uliza kikohozi cha wiki 2 na zaidi," alisema. "Na uliza nyumba nzima, hata baba. Kifua kikuu kinapimwa bure hospitali za serikali." Kisha akaongeza, "Na huyo wa kubadilishiwa, mtoto utamzoesha sura ngapi?"

Swali hilo mama alirudi nalo nyumbani. Ahadi ya kubadilishiwa ilikuwa imempa amani kama dhamana ya jokofu. Sasa aliona kwamba anayebadilishiwa kila mwezi si yeye, ni mtoto.

Safari ya pili walikwenda wawili. Waliomba kuona usajili wa wakala. Waliomba namba ya mwajiri wa mwisho. Wakauliza kama binti naye anakatwa chochote, wakaambiwa nusu ya mshahara wa kwanza, "ndiyo utaratibu". Wakasema ada yao inatosha, binti asikatwe. Mhudumu alinuna, mwisho akakubali.

Waliyemchagua alikuwa na miaka 26. Walipomaliza kumhoji, baba akamwuliza kama naye ana swali.

"Ninalo moja, baba. Nina mtoto wa miaka 4, yuko kwa mama yangu Kondoa. Nikipigiwa simu kwamba anaumwa, mtaniruhusu?"

Wakatazamana. "Utaenda," mama akajibu. Waliliandika kwenye mkataba pamoja na mshahara, siku ya mapumziko kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka.

Jioni mama alimpigia mwajiri wa zamani. "Nguo anapiga pasi polepole mno," mwanamke yule alisema. "Tulihama mkoa ndiyo tukaachana. Ila mwanangu mpaka leo anamwulizia." Hakuna cheti ambacho kingemwambia hivyo.

Dada alianza kazi wiki moja na ushee kabla ya likizo kuisha. Walizoeana taratibu: kunawa mikono kwa sabuni, kuhifadhi maziwa yaliyokamuliwa, kumlisha mtoto kwa kikombe. Kazini mama aliomba saa 2 kwa siku za kunyonyesha ambazo sheria inampa, akawa anawahi mwendokasi kabla foleni ya jioni haijajaa.

Mwezi wa pili simu ikaja kutoka Kondoa. Mtoto wa dada ana homa kali. Asubuhi yake dada akapanda basi. Baba alichukua ruhusa siku 2, mama siku 2.

Mama alimweleza wakala, naye akawa mwepesi. Miezi 3 haijaisha, alisema, kesho wataletewa mwingine, bila malipo.

"Hapana, asante," mama akamjibu. "Huyu tunamsubiri."

Siku ya tano jioni dada aliingia na begi lake na mfuko wa karanga. Mwanawe alikuwa amepona malaria. Alinawa mikono kwanza, kisha akamchukua mtoto, naye mtoto akacheka.