Nyimbo Zilizosahauliwa

Wako watu wasemao, "Muziki uliosahauliwa ulistahili kusahauliwa, ya nini kuutia katika sahani?" Sisi tupendao kusikiliza twaona neno hili si haki, maana nota zilizoandikwa karatasini ni bubu. Mtu atauhukumuje wimbo asiopata kuusikia? Usilolijua ni kama usiku wa giza.

Twakumbuka habari za Bwana Ted Perry wa London. Mwaka 1980 alianzisha kampuni ya sahani za muziki iitwayo Hyperion, naye akawa akiendesha teksi apate fedha ya kuitegemeza. Makampuni makubwa yalizidi kurudia kazi za mabingwa wale wale, kwa kuwa ndizo zenye wanunuzi. Yeye akatafuta zilizoachwa. Mwaka 1981 waimbaji wa Gothic Voices, wakiongozwa na Christopher Page, walitia katika sahani nyimbo za Hildegard wa Bingen, mtawa wa Ujerumani aliyefariki mwaka 1179. Nani angetazamia faida? Walakini sahani ile ilinunuliwa sana, ikaiimarisha kampuni, na nyingine nyingi zikafuata.

Hatusemi kwamba kila kifukuliwacho ni dhahabu. Tumesikiliza nyingine tukaziona nyepesi, wala hatukutamani kuzirudia. Lakini sasa twanena kwa kusikia, si kwa kudhani.

Perry alifariki mwaka 2003, na mwaka 2023 kampuni yake ikanunuliwa na Universal. Kazi ya kutafuta yahitaji wasikilizaji wenye subira. Nasi tukitaka tuzijuazo tu, basi nota za wengine zitakaa kabatini, bubu kama zamani.