Meli Iliyopita Dodoma kwa Treni

Dodoma hakuna meli. Kuna vumbi, zabibu, Bunge, na ule upepo wa Julai unaokausha midomo. Kwa hiyo siku baba aliponiambia anataka tujenge meli, nilidhani ni kiharusi kinachoongea.

Baba alikuwa gadi wa treni kwenye Reli ya Kati. Ni mtu wa Kigoma aliyestaafia Dodoma. Kiharusi kilipompata kilimwachia akili zake zote na kumlegeza mkono wa kulia. Hospitalini wakasema mkono usikae bure, wakampa mpira wa kuminya. Aliuminya siku tatu, kisha akampa mtoto wa jirani.

“Mimi si mtoto, mama,” aliniambia. “Nipe kazi yenye maana.”

Kazi aliyoichagua ni Liemba.

Wengi tunaijua Liemba kama ile meli kongwe ya Ziwa Tanganyika. Baba anaijua kama mzigo wa reli. Wajerumani waliiunda mwaka 1913 katika mji wa Papenburg, wakaipa jina Graf von Götzen, halafu wakaibomoa tena yote, kipande kwa kipande, wakaifunga kwenye makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja Dar es Salaam kwa bahari, yakapandishwa treni, yakapelekwa Kigoma kuunganishwa upya. Ikashushwa majini mwaka 1915.

“Sasa jiulize,” baba akasema, “hiyo treni ilipita wapi? Si ilipita hapa hapa stesheni? Meli nzima imepita Dodoma ikiwa kwenye maboksi, na watu wa hapa hawana habari.”

Mimi ni mwandishi wa habari. Kwa miaka kadhaa nimezunguka mji huu nikitafuta stori, na hiyo ilikuwa imekaa sebuleni kwetu.

Tukaanza. Kila mita moja ya meli tuliifanya sentimita moja. Liemba ina urefu wa kama mita 71, kwa hiyo yetu ikawa sentimita 71, ikalala vizuri juu ya stuli mbili. Mwili tuliuchonga kwa mbao laini, vyumba vya juu tukakata maboksi magumu ya viatu, dohani ikawa kopo la dawa zake za presha. Baba alikataa kununua vitu. Vyuma vya ukingoni mwa sitaha alitaka tuvitengeneze kwa mabua ya mtama, kama watoto wa huku wanavyotengeneza magari. Unachana ganda la bua kwa wembe hadi liwe jembamba kama njiti, unalisugua na msasa, unabandika kwa gundi. Mimi nachana, yeye anabandika. Jumamosi tatu tulimaliza upande mmoja tu.

Ukweli ni kwamba upande ule ulipinda. Njiti nyingine zilisimama, nyingine zililala kama wasafiri waliokesha. Ijumaa moja usiku nilitoka kazini nimechoka, Bunge la bajeti lilikuwa limenimaliza, nikaona nimsaidie mzee. Nikang'oa njiti zake zote, nikapanga upya kwa rula. Ikapendeza kweli. Nikalala nikijisifu.

Asubuhi nikamwamkia. “Shikamoo baba.”

“Marahaba.” Alikuwa amekaa mbele ya meli, mkono wa kulia mapajani. Aliupitisha ule wa kushoto kwenye njiti, taratibu, moja moja. Hakunifokea. Akauliza tu, “Zile zangu umetupa wapi?”

Zilikuwa kwenye ndoo ya taka, chini ya maganda ya viazi.

Jumamosi hiyo hatukufanya kazi, wala iliyofuata. Alikaa barazani na redio yake. Nilijitetea kimoyomoyo kwamba nia yangu ilikuwa njema, mpaka nikakumbuka namna ninavyomkatizia sentensi siku hizi. Ulimi wake unachelewa kidogo, nami namalizia neno kabla hajalifikia. Namfungia vifungo vya shati bila kuulizwa. Yaani nilikuwa nang'oa njiti zake kila siku.

Jumatatu nilizitoa zangu. Nikanunua wembe mpya, nikachana mabua mapya, nikayaweka mezani pamoja na gundi, nikaenda kazini. Niliporudi jioni nilikuta njiti nne zimesimama. Zimepinda vilevile. Hatukuzungumza juu ya jambo hilo. Aliniambia tu kwamba chai imo kwenye chupa.

Tulipofika kwenye kuandika jina, tukabishana. Mimi nilitaka lile la kwanza, la Kijerumani, kwa sababu ya historia. Baba hakutaka hata kusikia. Mwaka 1916, vita ilipowazidi, Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao karibu na mdomo wa mto Malagarasi, baada ya kuipaka injini grisi wakitumaini kurudi. Hawakurudi. Waingereza waliiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la Liemba.

“Jina lililozama liache huko chini,” alisema. “Sisi tunajenga iliyoibuka.”

Nikamkumbusha kwamba wazee wa Kigogo husema jina la Dodoma limetokana na idodomya, mahali alipozama tembo matopeni. Alicheka hadi akakohoa. “Basi tumekaa mahali pake.”

Tulipoanza kazi hii, Liemba yenyewe ilikuwa imesimama Kigoma ikisubiri ukarabati. Yetu iko juu ya kabati la televisheni, upande wenye njiti zilizopinda umeelekezwa kwa wageni. Baba ndiye aliyeigeuza hivyo. Mgeni akiuliza imetoka wapi, mimi nanyamaza. Jibu linachelewa kidogo, lakini linafika.