Chupa ya Nne

Mama yangu amelima zabibu Hombolo, nje kidogo ya mji wa Dodoma, kwa zaidi ya miaka 30. Mwaka 2022 alipokuja kututembelea Texas alibeba chupa nne za mvinyo mwekundu wa kwetu Dodoma, kila moja imeviringishwa kanga na kulazwa katikati ya nguo. Pale uwanja wa ndege wa Houston alipoulizwa amebeba nini, alizitaja zote nne kwa Kiingereza chake kidogo, huku akinyoosha vidole. Ofisa akazitazama zile kanga, akamtazama na yeye, akamwambia apite.

Nimeanza na habari hiyo kwa sababu wiki mbili baadaye mimi bintiye, muuguzi niliyekula kiapo, niliificha moja ya chupa hizo hizo.

Tulikuwa tumekata tiketi ya meli ya kitalii, siku 5, kutoka bandari ya Galveston kwenda Cozumel na Progreso kule Mexico na kurudi. Mama alikuwa hajawahi kupanda meli. Bahari aliijua ya Dar es Salaam, tena ya kuitazama tu. Nilitaka apumzike, akae mahali ambapo mtu mwingine anapika na mtu mwingine anaosha vyombo.

Meli nyingi kubwa zinazoondoka Marekani zina kanuni zinazofanana kuhusu vinywaji vya kuja navyo. Kwenye meli yetu, kila abiria aliyetimiza miaka 21 aliruhusiwa kupanda na chupa moja ya mvinyo ya mililita 750, ambayo haijafunguliwa, siku ya kwanza tu, na aibebe mkononi. Pombe kali ni marufuku. Ukinunua chupa kwenye bandari za njiani unaikabidhi ukirudi, na unarudishiwa safari ikiisha. Ukiunywea mvinyo wako chumbani hulipi kitu. Ukiupeleka mezani, kwenye ukumbi wa chakula, wakati ule ulilipa dola 15 za kufunguliwa.

Sisi tulikuwa watu wazima watatu: Mama, mume wangu na mimi. Kwa hiyo chupa tatu. Ya nne niliitia ndani ya sanduku kubwa, lile ambalo wapagazi hulipokea nje ya jengo la bandari, ikiwa bado kwenye kanga yake. Sikumwambia mtu. Hoja zangu nilikuwa nazo. Nilijua kwamba nauli ya meli hizi ni kama kiingilio cha mlangoni, na kwamba fedha nyingine nyingi huchumwa ukishakuwa ndani: vinywaji, kamari, matembezi ya nchi kavu. Glasi moja ya mvinyo mle melini ilikaribia bei ya chupa nzima dukani, kisha inaongezwa asilimia 18 ya huduma. Nikajiambia kwamba kanuni ile hailindi usalama wa mtu, inalinda duka lao. Tena mvinyo wenyewe ni wetu, umetoka kwenye ardhi yetu.

Zilikuwa hoja nzuri. Siku hizi naziogopa hoja zangu zikiwa nzuri kiasi hicho. Mtu mwenye jambo safi hana haja ya kujitetea usiku kucha kabla hata hajaulizwa.

Mama alipandia ngazi ya meli na chupa yake mkononi. Ile kanuni ya kubeba mkononi aliichukulia jinsi ilivyoandikwa: hakuitia kwenye mkoba, aliipakata kama mtoto mchanga aliyetoka kliniki. Mlinzi wa mashine ya eksirei ilibidi amwombe mara mbili aiweke kwenye mkanda.

Jioni masanduku ya watu yalikuwa yameshafika milangoni. Letu moja halikuja. Simu ikalia, nikaitwa chini, ghorofa ya watu wa usalama. Ningekwenda peke yangu, ila dawa za presha za Mama zilikuwa ndani ya sanduku hilo, na yeye hakukubali kubaki. Tukashuka pamoja.

Kilikuwa chumba kidogo chenye meza ya chuma. Mlinzi, kijana mpole aliyevaa glavu, aliniuliza kama sanduku ni langu, akalifungua mbele yetu, akatoa ule mviringo wa kitambaa. Akaanza kuukunjua polepole, mkunjo kwa mkunjo, jinsi mimi ninavyomfungua mgonjwa bandeji. Mama aliiona kanga yake kabla ya kuiona chupa. Niliona macho yake yakienda kwenye pindo, kwenye maua ya kona, halafu kwenye shingo ya chupa ilipochomoza. Mlinzi akafunga kikadi shingoni, akaandika namba ya chumba chetu, akasema tutarudishiwa usiku wa mwisho. Hakutukaripia. Alisema usiku mwema.

Mama aliniuliza kwa sauti ya chini, "Na hii uliitaja?"

"Hapana, Mama."

Akaichukua kanga yake mezani, akaikung'uta, akaikunja mara nne, akaiweka begani. Akachukua na dawa zake. Tulipanda juu bila kusema neno.

Nimewahi kuchapwa na Mama, nimewahi kusemwa mbele ya wageni. Hakuna kilichonikaa kama mkunjo ule wa kanga. Yule mlinzi hakunitia aibu hata kidogo, kwani bila shaka anakutana na chupa zilizofichwa kila wiki. Kilichonila ni kwamba kitu Mama alichokivusha mpaka wa nchi kichwa juu, mimi nilikigeuza cha magendo, tena kwa kukifunga kwenye nguo yake. Jasho la mtu ukilipitisha mlango wa nyuma, umeshasema jambo kuhusu jasho hilo, hata kama hukukusudia. Niliwaza pia miaka yangu ya kwanza Marekani, nilivyokuwa nikiulizwa natoka wapi najibu haraka na kubadili mazungumzo. Ile nayo ilikuwa chupa ya sandukuni.

Usiku wa pili tuliipeleka chupa ya Mama mezani. Aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi Dar es Salaam anaijua ada hii, sisi tunaiita kokeji. Kwenye harusi ya kaka yangu tulimaliza kikao kizima juu yake: ukumbi unataka ulipwe kwa kila kreti tutakayoingiza, na mjumbe mmoja amesimama anauliza tutalipaje kwa soda tulizonunua wenyewe. Mama aliuliza hivyo hivyo. Nikamweleza kwamba haulipiwi mvinyo, analipiwa mtu wa kuufungua, glasi, meza, na kuosha. Akasema, "Haya, tumwone."

Aliyekuja ni mwanamume wa makamo kutoka Ufilipino. Alisoma lebo, akatamka "Dodoma" taratibu, silabi kwa silabi, akauliza ni wapi. Nilimwambia, kisha nikamwonyesha Mama: huyu ndiye analima zabibu zenyewe. Alikuwa ameshamgeukia mume wangu, kama ilivyo desturi ya wahudumu kumtafuta mwanamume wa meza. Akasita. Akazunguka meza mpaka upande wa Mama, akaishika chupa kwa mikono miwili, lebo ikimtazama, akasubiri.

Mama hakujua kinachosubiriwa. Nikamnong'oneza, "Anakuuliza kama ndio wenyewe."

Akaitikia kwa kichwa, kama mzazi aliyeitwa shuleni akaulizwa kama huyu ni mwanawe.

Yule bwana akakata karatasi ya shingoni kwa duara moja, akazungusha kizibuo, akavuta kizibo kikatoka kimya. Akaupangusa mdomo wa chupa kwa leso nyeupe. Akamimina kidogo sana kwenye glasi ya Mama, akarudi nyuma hatua moja. Macho ya Mama muda wote yalikuwa kwenye mikono yake. Mkulima akikutana na mtu anayejua kazi yake, huitazama mikono. Kisha akanusa, akaonja, akafumba macho kidogo.

"Huu ni wa mwezi wa nane," akasema. "Zabibu ya mvua ina maji."

Dodoma mzabibu unazaa mara mbili kwa mwaka, mavuno ya wakati wa mvua na mavuno ya kiangazi. Wenzetu wa Ufaransa na Italia huvuna mara moja. Wamisionari walioupanda Bihawana miaka ya 1950 walikuwa wakitafuta zaidi divai ya altare, na leo aina nyekundu ya Makutupora imekuwa kazi na riziki ya vijiji vizima. Kama zabibu za chupa ile zilikuwa za Mama au za jirani, hakuna wa kujua, maana zote huishia kwenye tangi moja. Ila kiangazi alikitambua. Miaka 30 ya kuonja mchuzi wa zabibu kwenye ndoo, ya kunywea kikombe cha bati kwa jirani, na siku hiyo ndiyo ya kwanza mtu kumletea zao lake mezani, akamsubiri aseme kama linafaa. Mimi mwanawe sikuwahi kumfanyia hivyo.

Baadaye akaniuliza dola 15 ni shilingi ngapi. Nikamwambia kama 35,000. Akanyamaza, na nilijua anazigeuza kuwa kilo.

"Kwa hiyo kufungua ni kazi, na inalipwa papo hapo," akasema. "Na kupogolea je?"

Sikuwa na jibu. Kupogolea ni kuinama kwa siku nyingi, kila shina na mkasi wako, maana ukikosea jicho la kukata, msimu umekwenda. Kuna nguzo zinazoliwa na mchwa. Kuna salfa ya ubwiri unga inayopigwa na kurudiwa. Kuna kumwagilia kiangazi na kufukuza ndege wakati wa kuiva. Halafu kuna soko. Zabibu haisubiri. Ikishaiva una siku chache, na mnunuzi anazijua siku zako kuliko wewe. Msimu mmoja, nikiwa bado sekondari, kiwanda kimoja kilichukua mzigo wa kijiji chetu na Mama akalipwa baada ya miezi saba. Ada yangu ililipwa na mbuzi. Ndiyo maana wakulima wengi wamejifunza kukamua na kuuza mchuzi, walau ukae kwenye mapipa wakati wanatafuta bei, na wengine huzipanga zabibu kwenye vikapu wakakimbilia nazo dirisha la basi.

Wala swali lile Mama hakuliuliza kwa uchungu juu ya yule mhudumu. Aliniambia nimuulize ana watoto wangapi. Ana watatu, na yuko baharini kwa miezi tisa kila mkataba. Mama akatikisa kichwa, akasema, "Mlipe vizuri." Tukalipa kokeji, tukaongeza yake juu. Najua si dola zote 15 zilizoingia mfukoni mwake. Hata hivyo malipo yale niliyokuwa nayaona ni wizi wa meli, Mama aliyaona kwa jicho lingine kabisa: mahali pengine duniani, mkono ukifanya kazi juu ya chupa, unalipwa kabla kitambaa hakijakauka. Kilichomshangaza ni kwa nini hesabu hiyo inaanzia kwenye kizibo na haishuki hadi kwenye shina.

Swali hilo limeniharibia raha fulani, na sijutii. Nikinunua kitu sasa najikuta nikiuliza nani alilipwa mwisho. Kazini kwangu pia, tunapopongezwa kwa mgonjwa kutoka salama, namkumbuka mama anayepiga deki usiku ambaye hakuna anayemtaja kwenye kikao. Nimeanza kumtaja.

Chupa mbili zilizobaki tulizimaliza kwa utulivu, moja mezani kwa yule yule bwana, moja chumbani tukiitazama bahari usiku tulipokuwa tukirudi kutoka Progreso. Ya nne ililetwa mlangoni usiku wa mwisho, kikadi shingoni, namba yetu imeandikwa kwa wino wa buluu. Nilitaka kuifungua tumalizane nayo. Nilitaka iishe, kusema kweli. Mama akaniwekea mkono juu ya mkono.

"Hii inarudi nyumbani."

Akaivika kanga ile ile. Kikadi hakukitoa. Kule Galveston aliingia kwenye duka la bandarini akanunua kizibuo kimoja, cha chuma, kile chenye mabawa mawili. Siku ya kuondoka Houston aliwaambia tena watu wa uwanja wa ndege kilichomo sandukuni, ijapokuwa hakuna aliyemuuliza.

Mwezi uliofuata kaka alinitumia video kutoka Hombolo. Imepigwa barazani kwa mwenyekiti wa ushirika, jua la jioni, wakulima kama kumi na watano kwenye mabenchi, wengine wamesimama na baiskeli zao. Kuku anapita. Mama amejifunga kanga ile kiunoni, ameshika chupa kwa mikono miwili, lebo mbele. Anaanzia kwa mzee wa mwisho wa benchi, yule aliyempa miche ya kwanza. Anasimama mbele yake bila kusema. Mzee anamtazama, haelewi. Sauti ya Mama inasikika, chini, "Nakuuliza kama ndio wenyewe." Mzee anainama, anaisoma lebo kwa kidole, anaitikia kwa kichwa. Mama anasogea kwa anayefuata, anasubiri, anasogea tena, benchi zima, mpaka kwa wale wenye baiskeli. Kisha anapokea kizibuo kutoka kwa kaka.